Unataka timu inayoshinda? Mjue Red Auerbach kwanza

Wewe unayekesha hadi saa kumi alfajiri ukitazama NBA kwenye simu, kisha asubuhi unasinzia kwenye matatu, nina swali moja. Ukipewa timu leo, pamoja na hela za kununua wachezaji, utaanzia wapi?

Jibu lako nalijua. Utataja mastaa watatu. Utachukua mfungaji wa kwanza katika ligi, wa pili na wa tatu, uwavishe jezi moja, kisha ungoje kombe lije lenyewe. Hata kwenye magrupu ya WhatsApp mjadala huishia papo hapo: nani ana pointi nyingi, nani amesajiliwa, nani analipwa ngapi. Wahenga walishatuonya kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tunaingiza watatu, halafu zizi likivunjika tunamlaumu kocha.

Acha leo nikupeleke kwa mzee mmoja aliyefariki 2006, pengine kabla hujajua kudunda mpira. Jina lake la kuzaliwa ni Arnold Jacob Auerbach, ila watu walimwita Red kwa sababu ya nywele zake nyekundu. Akiwa kocha wa Boston Celtics alishinda ubingwa wa NBA mara 9. Akiwa bosi ofisini, klabu hiyo ikatwaa mataji mengine 7. Jumla 16. Na utamu wenyewe ndio huu: katika misimu yote 16 aliyoifunza Celtics, kuanzia 1950 hadi 1966, hakuna mchezaji wa timu hiyo aliyewahi kuibuka mfungaji bora wa ligi. Hata mmoja.

Sasa keti vizuri tuongee.

Mtoto wa dobi

Auerbach alizaliwa Septemba 20, 1917, mtaa wa Williamsburg, Brooklyn, jijini New York. Babake alikuwa Myahudi aliyehama kutoka Minsk, na baadaye familia ikategemea biashara ya dobi. Ule ulikuwa mtaa wa saruji, kama mitaa yetu mingi ya Eastlands. Uwanja wa nyasi ni wa kutafuta kwa tochi, lakini ringi moja ukutani inatosha watoto ishirini. Huko ndiko alikoupendea mpira wa vikapu.

Mwili haukumpendelea. Hakuwa mrefu, hakuwa na miujiza mikononi. Alikuwa na kichwa kinachofanya kazi na mdomo usiojua kunyamaza. Hivyo viwili pamoja na bidii vikampa ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha George Washington, jijini Washington. Huko akakutana na kocha Bill Reinhart, aliyemfunza kitu kimoja ambacho hakukiacha maisha yake yote: shambulizi la kasi. Mpira ukidakwa kwenye ringi yako, usitembee nao. Utume mbele mara moja, wapinzani wakiwa bado wanageuka.

Hebu weka hilo akilini. Shambulizi la kasi halianzi na mfungaji. Linaanza na yule anayedaka mpira huku nyuma. Tutarudi hapo.

Baada ya chuo alifunza shule za sekondari mle mle Washington, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikamfikisha kwenye jeshi la majini la Marekani, ambako alikutana na wachezaji wengi wazuri. Vita vilipoisha, mwaka wa 1946, ikaanzishwa ligi mpya ya kulipwa, ile iliyokuja kuitwa NBA miaka mitatu baadaye. Auerbach alikuwa na umri wa miaka 29. Hakuwa amewahi kufunza timu ya kulipwa. Akamwendea mwenye timu ya Washington Capitols na kumshawishi ampe kazi.

Umeona ujasiri huo? Akapewa. Akawaita wachezaji aliowajua, wengine tangu siku za jeshi, watu ambao tabia zao alizielewa kabla hajaona takwimu zao. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi 49 na kupoteza 11 pekee. Lakini ilipofika mechi za mchujo, Chicago Stags wakaibandua. Mwaka wa 1949 akafika fainali, akanyolewa na Minneapolis Lakers ya lile jitu George Mikan. Kwa hivyo usidhani alizaliwa bingwa. Ilimchukua miaka 11 tangu aanze ukocha wa kulipwa hadi kushika taji la kwanza.

Baada ya Washington alifunza Tri-Cities Blackhawks msimu mmoja. Huko mwenye timu, Ben Kerner, alimtoa mchezaji na kumpeleka kwingine bila kumhusisha kocha. Msimu ulipoisha Auerbach akafunga virago. Msimamo wake ulikuwa wazi: kama mimi ndiye nitakayeulizwa tukishindwa, basi nisiletewe timu iliyopangwa na mtu mwingine. Fikiria klabu ngapi unazozijua ambako tajiri hununua mchezaji kwa sababu amependa jina, halafu kocha anaambiwa ajipange.

Boston yenye madeni

Mwaka wa 1950 Walter Brown, mwenye Boston Celtics, alikuwa taabani. Timu yake ilikuwa imetoka kushinda mechi 22 na kupoteza 46. Hela zilikuwa zinavuja, na Brown alikuwa ameweka hadi nyumba yake rehani. Isitoshe, watu wa Boston walipenda hoki ya barafuni na besiboli. Vikapu vilikuwa kama shoo ya pembeni. Hapo ndipo alipomwita Auerbach.

Kabla sijaendelea, nikueleze jambo moja kwa wasee wapya. Ligi ya NBA huwa na drafti, siku ambayo timu huchagua chipukizi kwa zamu, na kawaida zile dhaifu huchagua mapema. Drafti ndiyo shamba. Ukipanda vibaya, utakula vibaya kwa miaka.

Katika drafti ya 1950, Celtics walifanya mambo mawili ya kukumbukwa. Kwanza walimchagua Chuck Cooper, mchezaji wa kwanza mweusi kuchaguliwa katika historia ya drafti ya NBA. Hiyo ilikuwa enzi ambayo kuna hoteli zilizomfungia mtu mweusi mlango, kwa hivyo haikuwa hatua ndogo.

Pili, walimpita Bob Cousy. Cousy alikuwa kipenzi cha watu, aliyesoma chuo cha Holy Cross hapo karibu na Boston. Mashabiki na wanahabari walimtaka kwa kelele zote. Auerbach akakataa. Aliona kijana anayepitisha mipira nyuma ya mgongo, na hakuwa tayari kuchagua mtu ili kufurahisha wenyeji. Akamchukua mchezaji mrefu, Charlie Share.

Sasa cheki vile mambo yalivyogeuka. Cousy alichaguliwa kwingine, akauzwa kwa Chicago, na timu ya Chicago ikavunjika kabla ya msimu kuanza. Majina ya wachezaji watatu yakawekwa kwenye kofia, timu tatu zikaokota. Brown alikuwa wa mwisho kutia mkono, na karatasi iliyobaki ilikuwa na jina la Cousy. Ndivyo alivyofika Boston. Kisha akawa mpitishaji bora wa mipira wa kizazi chake, akiongoza ligi kwa pasi za vikapu misimu 8 mfululizo.

Auerbach alikosea, na mji mzima ulijua. Lakini hapa kuna funzo kwa kocha yeyote mwenye kiburi. Hakumweka Cousy benchi ili kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi. Alimpa mpira na usukani. Kosa la kuchagua likafutwa na akili ya kutumia.

Pointi nyingi, kombe hamna

Pamoja na Cousy kulikuwa na Bill Sharman, mtupaji hodari, na Ed Macauley, mrefu mwenye mikono laini. Hao watatu ndio timu ya ndoto zako. Walifunga, walipendeza, waliitwa kwenye mechi za nyota karibu kila mwaka.

Basi unajua kilichotokea? Kuanzia 1950 hadi 1956, misimu sita, Celtics hawakufika fainali hata mara moja.

Sababu ni ile niliyokuambia uiweke akilini. Hawakuwa na wa kudaka. Mtupo ukikosa na kugonga ringi, mpira uliishia mikononi mwa wapinzani. Bila mpira hakuna shambulizi la kasi, na bila shambulizi la kasi Cousy ni dereva hodari aliyekaa kwenye gari lisilo na mafuta. Ikifika mwisho wa msimu, miguu imechoka, timu zenye miili mikubwa ziliwatafuna.

Wengi wangetafuta mfungaji wa nne. Auerbach akatafuta mtu ambaye kufunga halikuwa jambo lake kubwa.

Alikuwa ameshapata fununu kutoka kwa Reinhart, yule yule mwalimu wake wa chuo: kuna kijana mweusi mrefu katika Chuo Kikuu cha San Francisco, aitwaye Bill Russell. Russell aliongoza chuo hicho kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani 1955 na 1956. Wachambuzi wengi walimtilia shaka kwa sababu mitupo yake haikuwa ya kuvutia. Auerbach aliona kitu kingine. Kijana huyu anaruka, anapangua mtupo, na badala ya kuupiga mpira nje ili mashabiki washangilie, anausukumia kwa mwenzake.

Shida ilikuwa kumpata. Celtics hawakuwa karibu na kilele cha drafti ya 1956. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Rochester Royals, ya pili ya St. Louis Hawks. Rochester tayari walikuwa na mdakaji hatari, Maurice Stokes. Simulizi maarufu inasema Brown, aliyehusika na maonyesho ya kuteleza kwenye barafu, aliwaahidi Rochester maonyesho hayo ukumbini mwao ili wampite Russell. Vyovyote iwavyo, walimpita.

Kwa Hawks, bei ilikuwa ya kuuma. Na huko mkubwa alikuwa Kerner, yule yule aliyemkera Auerbach zamani. Akaitisha Macauley, staa kamili, na juu yake Cliff Hagan, chipukizi aliyekuwa anatoka jeshini. Macauley mwenyewe alikuwa mwenyeji wa St. Louis, na mwanawe alikuwa mgonjwa, hivyo akakubali kurudi nyumbani. Wachezaji wawili, ambao wote baadaye waliingia katika Jumba la Mashujaa la mchezo huu, kwa ajili ya kijana mmoja ambaye hajawahi kucheza dakika moja ya NBA.

Wewe ungekubali? Fikiria kelele za mtandaoni kama ingekuwa leo. Angetusiwa hadi babu zake.

Usiku wa 5 kwa 40

Kabla ya kuanza NBA, Russell alienda kwanza Melbourne kuichezea Marekani kwenye Olimpiki na kurudi na dhahabu. Akajiunga na Celtics Desemba 1956. Drafti ile ile ilikuwa pia imewaletea Tommy Heinsohn, na K.C. Jones ambaye angefika 1958 baada ya jeshi. Siku moja ya kuchagua, watu watatu wa kujenga ufalme.

Aprili 1957, fainali dhidi ya wale wale St. Louis Hawks, mechi ya saba, mjini Boston. Hapa nataka usome polepole. Cousy na Sharman, wafungaji wawili ambao timu iliwategemea, walitupa mara 40 kwa jumla na kufunga 5 pekee. Katika timu ya kawaida ya mastaa, usiku huo ni msiba, watu wanaenda nyumbani. Lakini Heinsohn, mgeni wa ligi, alifunga pointi 37. Russell, naye mgeni, alidaka mipira 32. Mechi ikaenda muda wa ziada mara mbili. Celtics wakashinda 125-123.

Hiyo mechi ndiyo hoja yangu yote. Timu iliyojengwa juu ya wafungaji hufa siku wafungaji wanapokosa, na siku hiyo haikosi kuja. Timu iliyojengwa kwa sehemu zinazoshikana huwa na mlango mwingine wa kutokea.

Mwaka uliofuata Russell aliumia kifundo cha mguu kwenye fainali, na Hawks wakalipiza kisasi kwa mchango mkubwa wa Hagan yule yule aliyeachiliwa. Kwa hivyo bei ya Russell ililipwa kweli kweli. Lakini kuanzia 1959 hadi 1966, Celtics walitwaa ubingwa kila mwaka. Kila mwaka, bana. Mara 8 mfululizo. Hakuna timu ya NBA iliyowahi kukaribia hapo tangu wakati huo.

Alivyopika

Ukiuliza alifanyaje, wengi watakutajia ile siga yake, sigara nene aliyokuwa akiiwasha kwenye benchi mechi ikiwa haijaisha, ishara kwamba yeye ameshahesabu ushindi. Wapinzani waliichukia vibaya sana. Lakini siga haikushinda mechi.

Kwanza, mbinu zake zilikuwa chache. Timu ilikuwa na mipango saba ya msingi ya kushambulia, na kila mpinzani aliijua. Tofauti ilikuwa kwamba kila mpango ulikuwa na njia nyingi za kutokea, na wachezaji waliurudia hadi ukaingia kwenye damu. Kambi zake za mazoezi kabla ya msimu zilijulikana kwa kukimbiza watu hadi wakome. Mechi za kwanza timu nyingine zikiwa bado zinatafuta pumzi, Celtics tayari walikuwa mbali.

Pili, alilipa watu kwa vitu visivyoandikwa. Wakati wa kujadili mshahara hakutaka kusikia mtu akihesabu pointi zake. Alitaka kujua mchango wake katika kushinda. Kumbuka enzi hizo NBA haikuwa hata inahesabu mitupo iliyopanguliwa. Silaha kubwa ya Russell haikuwa na safu kwenye karatasi ya takwimu! Kama unalipa watu kwa pointi, watatafuta pointi. Ukilipa kwa ushindi, mtu atajitupa sakafuni kufuata mpira bila kuambiwa.

Tatu, benchi. Timu nyingi zilichukulia benchi kama chumba cha waliokosa. Auerbach alimweka hapo mmoja wa watu wake bora makusudi. Alianza na Frank Ramsey, kisha John Havlicek aliyefika 1962. Wapinzani walipoanza kuhema, anaingia mtu mwenye mapafu mapya na kipaji cha kuanza timu yoyote. Havlicek hakununa. Alikuja kuwa mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya Celtics, lakini alianzia kwenye kiti cha akiba.

Hii ni kama pilau. Ukimwaga bizari sufuria nzima kwa sababu ndiyo yenye harufu tamu, hutakula. Kuna mchele usio na sifa, kuna chumvi isiyoonekana. K.C. Jones hakuwahi kuwa mfungaji mkubwa, kazi yake ilikuwa kumnyima usingizi mtu aliyekabana naye, na aliondoka na mataji 8. Sam Jones alichaguliwa 1957 kutoka chuo kidogo cha watu weusi huko North Carolina, na Auerbach hakuwa amewahi kumwona akicheza, aliamini neno la mtu aliyemwamini. Sam akaondoka na mataji 10.

Ndiyo maana mpinzani mkuu wa Russell, Wilt Chamberlain, anatufaa kama mfano. Katika msimu wa 1961-62 Wilt alifunga wastani wa pointi 50 kwa mechi, na usiku mmoja akafunga 100. Rekodi hizo bado zipo hadi leo. Mwaka huo huo Celtics walimtoa katika mchujo kwa mechi saba, na kombe likaenda Boston.

Rangi ya ngozi

Lakini usidhani walicheza katika dunia safi. Oktoba 1961 timu ilienda Lexington, Kentucky, kwa mechi ya kirafiki. Sam Jones na Satch Sanders walinyimwa huduma katika mkahawa wa hoteli kwa sababu ni weusi. Wachezaji weusi wakaamua hawachezi. Auerbach kwanza alijaribu kuwashawishi wabaki. Walipokataa, aliheshimu uamuzi wao na kuwapeleka uwanja wa ndege. Sitampamba: hakuwa mwanaharakati, na wa kwanza kusimama siku hiyo walikuwa wachezaji wenyewe. Lakini hakuwaadhibu, na hakuwageuka.

Kile alichoamini ni rahisi: anayecheza ni yule anayetusaidia kushinda. Desemba 26, 1964, Heinsohn akiwa ameumia, Auerbach alianzisha mechi dhidi ya Hawks na Russell, K.C. Jones, Sam Jones, Sanders na Willie Naulls. Kilikuwa kikosi cha kwanza cha NBA kuanza mechi na weusi watano. Hakutoa tangazo lolote, alipanga timu tu.

Kisha 1966. Alikuwa amechoka na alitaka kuacha ukocha. Celtics walikuwa wamepoteza mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Los Angeles Lakers. Badala ya magazeti kuandika habari za ushindi wa Lakers, Auerbach akatangaza mrithi wake: Bill Russell, kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya NBA. Ghafla hakuna aliyeongea kuhusu Lakers. Mjanja huyo! Celtics wakashinda mechi ya saba 95-93, Auerbach akaondoka na taji la 9, naye Russell, akicheza na kufunza kwa wakati mmoja, akaongeza mawili, 1968 na 1969.

Na bado viti vingi pale Boston Garden vilikuwa vikibaki vitupu miaka hiyo ya ubingwa, huku hoki ikijaza. Mji haukumpenda Russell kama alivyostahili. Nyumba yake iliwahi kuvamiwa na kuchafuliwa. Timu inaweza kushinda kila kitu na bado isiushinde ubaguzi wa jirani.

Subira ya bosi

Kuna wanaosema alibahatika na Russell, basi. Wacha nikupe sehemu ya pili ya maisha yake, maana hapo ndipo hoja hiyo inapokufa.

Akiwa bosi, mwaka wa 1970 alimchagua Dave Cowens, ambaye wengi walimwona mfupi mno kwa nafasi ya kati. Cowens akakimbia kuliko warefu wote, na Heinsohn, sasa akiwa kocha, akaleta mataji ya 1974 na 1976.

Mwaka wa 1978 timu ilikuwa imeoza. Katika drafti, Auerbach akamchagua wa sita Larry Bird wa Indiana State, akijua kwamba kijana huyo amebakisha mwaka mmoja chuoni na hatakuja sasa. Timu tano zilimpita kwa sababu zilitaka mtu wa leo. Auerbach akangoja. Msimu huo wa kungoja, Celtics walishinda mechi 29 tu. Bird alipofika, wakashinda 61. Subira huvuta heri, lakini hakuna anayekuambia kwamba hiyo subira huwa na mechi 53 za kushindwa ndani yake.

Katikati ya hayo, mwenye timu mpya, John Y. Brown, alitoa nafasi tatu za drafti kumleta Bob McAdoo, mfungaji mwenye jina kubwa, bila kumuuliza Auerbach. Mzee nusura ahamie New York. Ni kosa lile lile la Kerner, miaka karibu 30 baadaye! Tajiri alipoondoka, Auerbach akampeleka McAdoo Detroit katika mpango uliompa nafasi mbili za drafti. Moja ikawa nafasi ya kwanza kabisa ya 1980. Hakuitumia. Aliwapa Golden State Warriors nafasi hiyo na nyingine moja, naye akapokea Robert Parish na nafasi ya tatu, aliyomchagulia Kevin McHale. Warriors walipata Joe Barry Carroll. Celtics walipata miaka kumi ya Bird, McHale na Parish, na mataji ya 1981, 1984 na 1986. Na McHale, bila shaka umeshakisia, alianzia kwenye benchi.

Mabaya yake

Nisingekuwa muungwana nikikuchorea malaika. Auerbach aliwatukana marefa, alipigwa faini mara nyingi, na katika fainali za 1957 alimtandika ngumi Kerner uwanjani kabla ya mechi kuanza. Kwa miaka mingi aliishi hotelini Boston huku mkewe Dorothy na binti zao wawili wakikaa Washington. Mataji yale yalikuwa na gharama iliyolipiwa kwenye meza ya chakula ambayo baba hayupo. Ukimwona mtu ana vikombe 16, uliza pia nani alimngoja nyumbani.

Wala hakuweza kuishinda bahati siku zote. Juni 1986, akiwa bingwa, alimpata Len Bias wa Maryland kwa nafasi ya pili ya drafti, mtu wa kumrithi Bird. Siku mbili baadaye Bias alikufa kwa kokeni. Celtics hawakushinda taji jingine katika maisha ya mzee huyo. Alifariki Oktoba 28, 2006, Washington, akiwa na miaka 89. Kombe lililofuata lilikuja 2008.

Ukitembelea Boston, pale Quincy Market kuna sanamu yake ya shaba. Hajainuliwa juu ya nguzo. Ameketi kwenye benchi, siga mkononi, na kando yake pameachwa nafasi. Watu huja, wanaketi, wanapiga picha.

Sasa rudi kwa lile swali langu la mwanzo. Iwe ni timu ya NBA unayoijenga kichwani, au ni wale wasee wako wa Jumamosi pale uwanja wa shule. Kabla hujamtafuta mfungaji, jiulize ni nani atadaka mpira siku wote watakapokosa, ni nani atakubali kukaa benchi bila kununa, na kama wewe mwenyewe una roho ya kumwachilia staa wa leo kwa ajili ya kijana ambaye kila mtu anamcheka. Kama huna majibu hayo, mimi nakuomba usinunue mtu yeyote kwanza.